Kununua Nyumba Dar es Salaam: Yampasayo Mwanachama na Chama Chake Kujua Kabla ya Fedha Kutoka

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Miongoni mwa maombi yanayofika mbele ya kamati za mikopo, ombi la kununua kiwanja au nyumba Dar es Salaam si jambo geni tena. Mkulima aliyeuza pamba, korosho au kahawa kwa miaka mingi hutaka watoto wake walio mjini wapate mahali pa kukaa bila kuhamahama kila kodi inapopanda. Mwalimu anayekaribia kustaafu hutaka mafao yake yageuke kuwa kuta na bati kabla hayajatawanyika. Mfanyakazi aliyepanga chumba Tandale au Buguruni hutaka siku moja aache kutafuta kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Haja hizo ni za haki, na chama kilichoundwa kwa ajili ya kuwainua wanachama wake hakiwezi kuzipa kisogo.

Hata hivyo mkopo wa nyumba una tabia moja iliyo tofauti na mkopo wa mbolea. Mbolea ikiwa mbaya, hasara ni ya msimu mmoja. Nyumba ikibomolewa, au ikabainika kwamba aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza, nyumba huondoka lakini deni hubaki. Na deni la chama si la mtu mmoja.

Na utazamwe mfano huu. Mwanachama mwenye akiba ya shilingi 6,000,000 anapewa mkopo wa mara tatu ya akiba yake, yaani shilingi 18,000,000, wa kulipwa kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio. Kila mwezi atarudisha shilingi 500,000 za mkopo wenyewe pamoja na riba. Mwezi wa kwanza atalipa 770,000, na atakapomaliza atakuwa amelipa jumla ya 22,995,000. Sasa baada ya miezi 12 nyumba inabomolewa kwa kuwa imo ndani ya hifadhi ya barabara, naye anashindwa kuendelea kulipa. Mkopo uliobaki ni 12,000,000. Akiba yake yote, 6,000,000, inachukuliwa. Zinazobaki ni 6,000,000, na wadhamini wake watatu wanatakiwa kutoa 2,000,000 kila mmoja, kwa ajili ya nyumba ambayo hawakupata kuiona.

Kwa sababu hiyo, kuichunguza nyumba ni kazi ya chama kama ilivyo kazi ya mnunuzi, na kazi hiyo hapana budi ifanyike kabla ya fedha kutoka. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi jiji lilivyokua, kitu hasa kinachonunuliwa, mtu anayeuza, mahali penyewe, gharama za kuishi hapo, na mwisho wajibu wa chama.

JIJI LILIVYOKUA

Ni vigumu kuuchagua mtaa vizuri bila kujua mtaa huo ulizaliwaje. Mji wa Dar es Salaam ulianza katika miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ukawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa kufuata rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala. Mgawanyo huo ulikwisha, lakini alama zake zingali zikionekana katika upana wa viwanja na barabara. Anayetoka Oysterbay kwenda Kariakoo huiona historia hiyo bila kufungua kitabu.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 ulianzishwa mradi wa Viwanja na Huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa mradi huo Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja, na Manzese, badala ya kubomolewa, iliwekewa barabara na maji. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo ya pembezoni kama Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni.

Lakini watu waliongezeka kuliko viwanja. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Wengi walijipatia ardhi kwa kununua vipande vya mashamba ya wenyeji kandokando ya barabara kuu nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Walijenga kwanza; mpimaji akaja baadaye, au hakuja kabisa.

Aidha, njia za kupata mkopo wa nyumba zilikuwa finyu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Sheria mpya ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, lakini benki inayotoa mkopo huo hutaka hati, na mwenye nyumba katika eneo lisilopimwa hana hati. Ndiyo maana mtu huyo huja kwa chama chake. Kwa hiyo chama hupokea hasa maombi ambayo benki imeyakwepa, na kwa sababu hiyo kinahitaji uangalifu kuliko wa benki.

KINACHONUNULIWA NI HAKI

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hanunui udongo. Hununua haki ya kuutumia kwa muda na kwa masharti. Hati ya kumiliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Mnunuzi anayeonyeshwa hati yampasa aisome, si kuitazama tu: imebaki miaka mingapi, matumizi yaliyoandikwa ni makazi au kitu kingine, na kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka gani. Kodi iliyolimbikizwa kwa miaka kumi hudaiwa juu ya kiwanja, na mnunuzi atakutana nayo siku ya kuhamisha miliki.

Karatasi nyingine zina thamani yake, lakini kila moja ijulikane kwa jina lake. Leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa, ni haki ya muda mfupi inayohuishwa. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini si hati. Mkataba wa mauziano uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana bei. Nao si hati. Mwenyekiti wa mtaa aweza kuwatambua majirani na kushuhudia mapatano, lakini hana mamlaka ya kugawa ardhi, na mhuri wake haumgeuzi asiye mmiliki kuwa mmiliki.

Kuna wauzaji wanaoonyesha stakabadhi za umeme kwa madai kwamba wanalipa kodi ya majengo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Lakini anayenunua umeme aweza kuwa mpangaji, mlinzi au ndugu aliyekaribishwa. Stakabadhi hiyo huthibitisha kwamba kodi imelipwa. Haithibitishi nyumba ni ya nani.

Kwa kiwanja chenye hati, hatua isiyorukwa ni upekuzi. Mnunuzi huomba taarifa rasmi kutoka kwa Msajili wa Hati, akataja namba ya hati au ya kiwanja na kitalu. Taarifa hiyo humwonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Karatasi iliyo mkononi mwa mwuzaji yaweza kughushiwa. Daftari la Msajili ndilo linalosema kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanaushirika wanalijua neno hilo vizuri kuliko watu wengi.

Hata hivyo upekuzi una mpaka wake. Msajili aweza kusema kwamba kiwanja fulani ni cha fulani, lakini hawezi kusema kwamba pale mnunuzi aliposimama ndipo kilipo kiwanja hicho. Watu wamewahi kununua kwa hati safi kabisa, kisha wakajenga juu ya kiwanja cha jirani. Kwa hiyo mpimaji aliyesajiliwa hana budi aende na ramani ya upimaji, atafute mawe ya mipaka, na kuthibitisha kwamba namba na ardhi vinapatana.

Mahali pasipopimwa, kazi ya Msajili hufanywa kwa kiasi na majirani. Majirani wa pande zote nne na waitwe siku moja, wasimame pamoja, kila mmoja aonyeshe mpaka wake mbele ya wenzake na kutia sahihi. Jirani anayekataa kuja, au anayekuja na kunyamaza, ametoa habari kubwa. Tena iulizwe katika halmashauri kama eneo hilo limo katika urasimishaji wa makazi, na ramani ya mipango miji imepanga nini mahali hapo. Nyumba yaweza kuwa imejengwa mahali ambapo ramani inaonyesha barabara, shule au soko.

MTU ANAYEUZA

Ardhi ikishajulikana, anafuata mwuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sahihi ya mume peke yake haitoshi, hata kama hati ina jina lake tu. Mnunuzi na aulize waziwazi kama mwuzaji ameoa, na kama ana wake zaidi ya mmoja aulize ni yupi anayeishi katika nyumba hiyo. Si ufidhuli kuuliza. Ni afadhali mwuzaji akasirike leo kuliko mke wake aje na wazee wa mtaa baada ya mnunuzi kuhamia.

Nyumba ya urithi inataka uangalifu zaidi. Mtoto mkubwa wa marehemu hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua za uteuzi wake zionekane. Kadhalika anayeuza kwa niaba ya ndugu aliye ng'ambo aonyeshe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Simu iliyopigwa mbele ya mnunuzi haichukui nafasi ya hati.

Wako wanaosema, “Mwuzaji huyu amekaa hapa miaka mitano bila ugomvi, basi mambo ni salama.” Sheria humpa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Ukimya wa miaka mitano waweza kuwa ni ukimya wa mtu aliye mbali, au wa mtoto ambaye hajakua.

Kuhusu madalali, yafaa ieleweke kwamba dalali hulipwa pale mauzo yanapofanyika. Hana faida katika mauzo yanayovunjika, hata kama kuvunjika kwake ndiko kungemwokoa mnunuzi. Neno lake lipokewe kama tangazo, wala lisipokewe kama ushahidi. Na mwuzaji anayesema kwamba mnunuzi mwingine anakuja jioni na fedha taslimu, aachwe amngoje mnunuzi huyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAHALI PENYEWE

Baada ya karatasi na mtu, mnunuzi autazame udongo. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, watu wengi wakafa na maelfu wakapoteza makazi. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi za bondeni ziliwekewa alama ya X na kubomolewa. Jangwani na Kigogo zinajulikana kwa jambo hilo, lakini jiji lina mabonde na vijito vingine vingi ambavyo majina yake hayatangazwi.

Nyumba ya bondeni huuzwa wakati wa kiangazi, na huuzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa hiyo mwanachama asinunue nyumba ambayo hajaiona wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kama hawezi kungoja, basi asome dalili: mstari wa tope ukutani, kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa saruji, mifuko ya mchanga kando ya ukuta, vitanda vilivyowekwa juu ya matofali. Aidha amwulize anayeuza vitumbua njiani maji hufika wapi. Huyo hana nyumba ya kuuza, atasema kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima, na kila mtu aweza kuzihesabu.

Jambo la pili ni hifadhi za miundombinu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Lakini mahali pengine hifadhi ni pana zaidi. Mwaka 2017, katika kupanua Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande zilibomolewa. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi, wana umeme na maji, na hayo yote hayakuzuia kijiko kupita. Mnunuzi na aulize katika ofisi ya wakala wa barabara, asiulize baa iliyo karibu na barabara. Swali hilohilo liulizwe kuhusu reli, nyaya za umeme mkubwa, na mabomba, likiwamo bomba la mafuta la TAZAMA linaloanzia Kigamboni.

Tatu, mnunuzi aulize kuna mpango gani juu ya eneo hilo. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na uendelezaji wa ardhi katika eneo la mpango ukasimamishwa. Mpango huo baadaye ukaachwa. Katika miaka ya kungoja, wenye viwanja hawakuweza kujenga kwa uhakika wala kuuza kwa bei ya haki. Ahadi ya mji mzuri yaweza kumfunga mtu mikono sawasawa na tangazo la kubomoa.

Nne ni majirani wasio watu: dampo, kiwanda, ghala, kambi. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala mwezi Aprili 2009, na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011. Watu wakafa, nyumba zikabomoka mbali na maghala yenyewe. Kuhusu taka, Tabata inatoa fundisho lenye matumaini zaidi. Mwaka 1988 wakazi wake walilishtaki Jiji kwa sababu ya taka zilizotupwa na kuchomwa karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Mtaa ambao watu wake wanaweza kukutana na kuchanga fedha za wakili una thamani isiyoandikwa katika hati yoyote. Kabla ya kununua, mwanachama na ahudhurie mkutano mmoja wa mtaa. Atajua kwa saa mbili kama watu hao wanasikilizana.

GHARAMA ZA KUISHI

Bei ya kiwanja hulipwa mara moja, lakini umbali hulipwa kila siku. Tuseme mfanyakazi anapanda magari mawili kufika kazini, na nauli yote ya kwenda ni shilingi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000; kwa siku 26 za mwezi ni 78,000; kwa mwaka ni 936,000; kwa miaka kumi ni 9,360,000. Kiwanja kilichokuwa rahisi kwa shilingi milioni tano kuliko kile cha karibu kimekwisha kuwa ghali, na hapo hajahesabiwa mke anayekwenda sokoni wala mtoto anayekwenda shule. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalibadili hesabu hiyo kwa mitaa iliyo karibu na njia yake. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilifanya vivyo hivyo kwa upande wa pili wa bahari.

Maji nayo yaulizwe kwa namna iliyo sahihi. Kuona bomba si kuona maji. Maji mengi ya jiji hutoka Ruvu Chini na Ruvu Juu, na mtaa ulio mbali na njia ya mabomba makubwa, au ulio juu ya kilima, waweza kukaa siku nyingi bila tone. Mnunuzi aombe kuona ankara za jirani za miezi mitatu, kisha aulize maji hutoka siku ngapi kwa juma. Palipo na kisima, ayaonje maji. Sehemu nyingi za pwani visima vina chumvi.

Tena aupime upana wa njia. Njia isiyopitisha gari la kunyonya majitaka humlazimisha mwenye nyumba kuchimba choo kipya kila cha zamani kinapojaa, mpaka kiwanja kiishe. Njia isiyopitisha gari la zimamoto huacha nyumba kumi ziungue kwa jiko moja la mkaa. Na kuna mitaa ambayo mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabarani, na jeneza huinamishwa ili lipite kati ya kuta mbili. Hayo hayatangazwi na dalali, lakini yanaonekana kwa macho.

Kwa anayenunua sehemu ya ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 inamwezesha kupata hati ya sehemu yake. Pamoja na hati hiyo huja wajibu wa kuchangia ngazi, paa, maji na ulinzi wa jengo zima. Aombe kuona kibali cha ujenzi na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lilianguka katikati ya jiji na kuua watu 36. Ghorofa iliyoongezwa bila kibali humwelemea kila aishiye chini yake.

WAJIBU WA CHAMA

Ndugu makatibu, baadhi ya wanachama watalalamika kwamba uchunguzi wote huu unachelewesha, na kwamba maskini hawezi kumudu kiwanja kilichopimwa. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, na yanastahili jibu. Chama kisiweke sharti la hati pekee, maana kwa kufanya hivyo kitawafungia mlango wale hasa waliokiunda. Kiwanja kisichopimwa, kilicho mahali pakavu, penye njia pana, chenye majirani wakongwe waliotia sahihi, na kilicho katika eneo linalorasimishwa, kinaweza kuwa ununuzi mwema. Hati nzuri ya kiwanja cha bondeni yaweza kuwa ununuzi mbaya. Kinachokataliwa ni kununua bila kujua, wala si kununua kidogo. Na wakati mwingine jibu la kweli ni kuendelea kupanga mwaka mmoja zaidi huku akiba ikikua.

Ili jambo hili lisibaki maneno, kila chama kinaweza kuchukua hatua hizi kwa azimio la mkutano mkuu wake.

Kwanza, maombi ya mkopo wa nyumba yaambatane na taarifa ya upekuzi au, pasipopimwa, sahihi za majirani wa pande nne. Na pia ridhaa ya mwenzi wa mwuzaji, au barua za msimamizi wa mirathi.

Pili, wanachama wawili, mmoja wao akiwa mdhamini, waende wakaione nyumba na kuandika taarifa ya ukurasa mmoja: maji hufika wapi, barabara iko mbali kiasi gani, njia ina upana gani, nani anaishi ndani. Nyumba yenye wapangaji isihesabiwe kuwa tupu.

Tatu, gharama za upekuzi, mpimaji na wakili zihesabiwe ndani ya mkopo tangu mwanzo. Mwanachama anayepewa fedha ya kiwanja tu huviruka vitu hivyo kwa kukosa fedha, si kwa kukosa akili.

Nne, fedha zisipitie mfukoni mwa mwanachama wala mikononi mwa dalali. Zilipwe katika akaunti ya benki ya mwuzaji, sehemu siku ya kutia sahihi mbele ya wakili, na sehemu iliyobaki baada ya maombi ya kuhamisha miliki kupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi.

Tano, chama kifuatilie mpaka mwisho. Watu wengi huona kazi imekwisha wakipewa funguo. Ikiwa kodi ya ongezeko la mtaji haijalipwa na mwuzaji, ushuru wa stempu haujalipwa, na jina halijabadilishwa katika daftari la Msajili, nyumba ingali kwa jina la mwuzaji, na mwuzaji akifa mnunuzi ataanza mazungumzo mapya na warithi. Katibu aandike katika daftari la mikopo tarehe ambayo hati mpya imeonekana, na mpaka tarehe hiyo faili lisifungwe.

Kuna njia moja zaidi, nayo ni ya kiushirika hasa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatambua vyama vya nyumba. Wanachama ishirini wanaotaka viwanja mjini, kila mmoja akienda peke yake, watalipa madalali ishirini na kukosa mpimaji. Wakiungana wanaweza kununua shamba moja lililochunguzwa mara moja, kumlipa mpimaji mmoja, kuacha barabara na mahali pa shule kabla ya jiwe la kwanza la mpaka kuwekwa, na kuwa majirani wanaojuana tayari. Chama kinachotaka kujaribu njia hiyo na kianze kwa kuwaorodhesha wanachama wake wenye haja na kiasi cha akiba cha kila mmoja, na orodha hiyo ipelekwe katika mkutano mkuu ujao.